Nilivyopata Maji ya Ng'ombe Katika Nyika ya Taru

Nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale, Mombasa, ambako maji ya kunywa huja kwa bomba (siku yanapokuja), mengine yakitoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Kwa hiyo mjomba aliponiachia ng'ombe wake 14 katika ranchi iliyo ndani ya nyika, kaskazini ya Taru, nilitazama ramani, nikaona mistari ya buluu, nikaamini kwamba ni mito.

Nilifika mwezi wa Agosti, nikakuta mistari yote ile ni mchanga mkavu. Mto wa kule hupita kwa saa chache, au siku chache, baada ya mvua ya masika au ya vuli, kisha hukauka juu. Hata ngurunga, yale mashimo ya mwambani yaliyowanywesha wapagazi wa misafara zamani, zilikuwa na vumbi tupu. Nikalipa wachimbaji wa kisima kirefu. Njiani nilikuwa nimepita kituo kiitwacho Maji ya Chumvi, jina ambalo lingetosha kunionya, lakini sikuonyeka. Ng'ombe waliyanusa maji yetu wakageuka.

Mchungaji mmoja wa Kiduruma, mtu mzima, alinikuta nimeshika tama. "Mwanangu," akasema, "fuata mchanga mpaka uone mwamba umekatiza mto, kisha urudi nyuma kidogo." Nyika ile huonekana tambarare, lakini inateremka polepole kuelekea pwani, na maji yaliyozama mchangani huteremka nayo mpaka yazuiliwe na mwamba. Tulitembea siku mbili, tukipiga mtaimbo kila penye dalili. Palipokuwa na tope laini aliniambia tupaache, kwa sababu tope hushika maji lisiyaachie. Alitaka mchanga wa chengachenga. Tulipata mahali pa namna hiyo chini ya mkuyu mbichi, na kwa kina cha kama mita moja na nusu maji yakachuruzika, baridi, yasiyo na chumvi.

Nilizungushia miiba ili mifugo isikanyage kingo, nikawa nayateka kwa ndoo na kuyamwaga horini. Vuli iliponyesha, mto ulikuja usiku mmoja ukakifukia kisima chote. Januari nilikichimba upya, nikipima hatua kutoka kwenye ule mkuyu.