Saa ya kufika katika bajeti ya safari

Kauntabuku langu sasa lina kurasa mbili za tarakimu za safari tunayoipanga mimi na rafiki yangu, kila mtu na begi lake mgongoni: kutoka hapa Tanga hadi Mombasa, Nairobi, Kampala na Kigali, kisha kurejea kwa njia ya Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Ukurasa wa nauli ulijaa upesi, kwani nauli ni jambo la kuulizia tu. Ukurasa wa pili, wenye safu niliyoiita "saa ya kufika", ndio unaonichelewesha kulala, na kadiri ninavyoujaza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba msafiri mwenye fedha kidogo hana budi kupanga saa kwanza na shilingi baadaye.

Aliyenielekeza huko ni mjomba wangu, aliyeendesha malori ya Kigali kwa miaka mingi. Nilipomwamkia na kumpa daftari, aliupitia ukurasa wa nauli kwa kidole, mstari kwa mstari, akakisimamisha penye Nairobi.

"Mjomba, hapa mnashuka saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba ni usiku.

"Basi ongeza teksi, na gesti ya kwanza mtakayoiona, maana usiku hamtachagua."

Hoja yake inaonekana wazi katika treni ya Mombasa. Tangu mwaka 2024 daraja la pili ni shilingi 1,500 za Kenya, kutoka 1,000 za awali, na kwa umbali ule bado si ghali. Hata hivyo, stesheni ya Mombasa iko Miritini na ya Nairobi iko Syokimau, zote nje ya mji, kwa hiyo kila upande kuna nauli nyingine ambayo haikuandikwa kwenye tiketi. Anayepanda treni ya asubuhi hushuka mchana na kuingia mjini kwa matatu pamoja na watu wengine, ilhali anayepanda ya alasiri hushuka giza limekwisha kuingia na kulipa atakachotajiwa. Ndiyo maana tumeamua kuvuka mpaka wa Kenya pale Horohoro siku moja kabla, tukalale Mombasa, ambako hata kivuko cha Likoni hakimtozi mwenda kwa miguu.

Kutoka Nairobi kwenda Kampala hesabu inageuka, kwa sababu basi la jioni hufika asubuhi na kutuokolea gharama ya kitanda. Nimelikubali kwa usiku huo tu. Kulala kitini, na katikati ya usiku kuteremshwa mpakani pasipoti mkononi, si kulala, na mtu akirudia usiku wa pili mfululizo atalipia chumba cha mchana na kuteketeza alichookoa.

Kuhusu pasipoti hatujaafikiana. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekuwa wakivukiana mipaka kwa vitambulisho vya taifa tangu mwaka 2014, lakini sisi Watanzania hatumo katika utaratibu huo. Rafiki yangu ameziingiza shilingi 150,000 za pasipoti zote katika safari hii. Mimi nimekataa, kwa kuwa kitabu kinadumu miaka 10 na si haki kuibebesha safari moja mzigo wa safari zote zijazo. Kadi ya homa ya manjano, ambayo Uganda huidai, haikutuletea ubishi: tangu mwaka 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote.

Fedha zenyewe zinahitaji uangalifu zaidi, kwani kila zinapobadilishwa hupungua. Horohoro tutabadilisha kiasi cha siku ya kwanza tu, tena baada ya kupiga hesabu kwa simu zetu wenyewe, si kwa kikokotoo anachokushikia mbadilishaji mbele ya macho huku akihesabu noti kwa kasi. Shilingi za Kenya zitakazobaki zitapokelewa bila shida katika maduka ya fedha ya Kampala. Faranga za Rwanda tutazimaliza kabla ya kutoka Rwanda.

Kigali ilinilazimu kutazama kalenda pia. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, na asubuhi hiyo usafiri na maduka husimama. Kwa hiyo tumeisogeza safari nzima mbele kwa wiki moja, jambo ambalo halikutugharimu chochote.

Kilichobaki ni kurudi, na hapa ndipo bajeti za vijana wengi ninaowajua hukatikia, kwa kudhani kwamba ukishaingia nchini umefika nyumbani. Kutoka Tanga hadi Mombasa hazifiki kilomita 200. Kutoka Rusumo hadi Tanga ni zaidi ya 1,000. Mabasi yetu yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, kwa hiyo tunaweza kuunganisha, lakini mjomba anashikilia kwamba tulale Kahama au Singida. Nimeandika gesti ya Singida kwa penseli, na nauli ya kutoka Rusumo nimeitenga katika bahasha yake, kwa shilingi za Tanzania, ambayo rafiki yangu ndiye atakayeitunza, kwa sababu yeye si mnunuzi wa vitenge.