Tanuri la piza: kuzuia joto kwa bei nafuu

Usijaze mchanga chini ya sakafu ya tanuri: mchanga hauzuii joto. Unalinyonya tu, kuni zinaisha na sakafu ya tanuri bado haijashika moto. Tafuta vemikulaiti, punje nyepesi za madini yaliyovimbishwa kwa moto, ile ile inayochanganywa na simenti kushikilia udongo ndani ya majiko ya mkaa. Ni nafuu kuliko blanketi la nyuzi za seramiki la kuzuia joto. Chini ya matofali ya sakafu weka ndoo 5 za vemikulaiti kwa 1 ya simenti, unene sentimita 10. Juu ya kuba 10 kwa 1 inatosha, maana hapo hapabebi uzito. Maji tia kidogo kidogo: ukifinya tonge, lishikane bila kuchuruzika. Usishindilie kabisa, utaua vijinafasi vya hewa na ndivyo vinavyofanya kazi. Tanuri likishakauka, washa moto mdogo mdogo kwa siku kadhaa. Unyevu ukichemka ghafla, kuba linapasuka.