Mzee na zile dakika mbili

Juzi binti yangu alikuwa anatazama habari za bunge letu la hapa Minnesota, Marekani, akaniuliza, "Mama, kwani mbunge akiangushwa kwenye uchaguzi huwa anaenda kufanya kazi gani?" Nikamkumbuka Mzee.

Mzee ni Mzungu wa hapa hapa St. Paul, lakini sisi wa kanisani tulimwita hivyo na akaitika. Alikuwa mbunge kwenye bunge hilo la Minnesota, akashindwa, akafungua ofisi ya mahusiano ya umma. Mwaka 2023 ule mswada wa leseni ya udereva kwa wote uliporudi, alikuja kutusaidia bila kudai hata senti. Tangu 2003 mhamiaji asiye na makaratasi alikuwa hapati leseni, miaka 20 watu wanaendesha roho mkononi jamani.

Siku moja kabla ya kikao cha kamati ya bunge, ambako nilikuwa na dakika mbili tu za kuongea, nikampa kurasa zangu tatu za maneno niliyotaka kusema. Akachukua kalamu akafuta wa kwanza wote, akafuta wa pili, kalamu ikaja kusimama pale nilipoandika kuhusu jirani yangu anayehudumia wazee, saa kumi alfajiri yuko stejini anangoja basi na theluji imemfika magotini.

"Anza hapa. Taja jina, taja mtaa unaokaa, halafu huyu mama. Ukimaliza nyamaza."

Nikasoma, akagonga meza. Nikasoma tena, akagonga tena, yaani kila nikianza kuhutubia ni ngo! "Mimi nimekaa kile kiti," akasema, "mbunge amesikiliza watu tangu asubuhi na njaa inamuuma, hoja zako atazisahau hujafika mlangoni, ila huyu mama wa theluji atafika naye nyumbani."

Kesho yake nikasema, nikanyamaza. Mswada ukapita, Gavana Tim Walz akatia saini mwezi Machi, na tarehe 1 Oktoba sheria ikaanza kazi.

Baadaye nilimkuta kwenye korido za bunge na wateja wake wengine, watu wa hela zao, anawafundisha vile vile, jina, mtaa, kisha nyamaza. Nilipomuuliza akaniambia zamani alikuwa na kura moja kati ya 134, sasa hana hata hiyo, ila anajua wale 134 wanasikia nini.

Namheshimu sana, na hapo ndipo nashindwa kuamua. Ujuzi ule aliupata kwa kura za wananchi, leo mwenye pesa anaununua, na bila huo mimi ningeingia mle na kurasa zangu tatu. Sasa wale ambao hawajapata Mzee wa kuwasaidia bure, wanaingia mle na nani?