Siku Nzima Mbele ya Robota Moja, Urambo

Basi la kutoka Tabora lilinitoza nauli ya mtu na nauli ya begi, na nyumba ya wageni niliyofikia ilitaka shilingi 25,000 kwa chumba kisicho na maji, ndoo moja shilingi 1,000 juu yake. Nililipa kwa uchungu, nikalala. Asubuhi ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Kwetu Songea tunalima tumbaku ya moshi. Jani hutundikwa bandani, magogo huwashwa sakafuni pale pale chini yake, na moshi hulipika kwa majuma hadi liwe la kahawia iliyokolea, lenye harufu inayobaki kwenye nguo hata ukifua. Wazee wetu waliiuzia NGOMAT, ushirika wa Wangoni na Wamatengo ulioanzishwa 1936, na mtoto wa huko hukua akijua ghala la tumbaku lina harufu gani. Urambo ni tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto la mabomba, ambayo moshi haupaswi kuigusa kabisa. Nilitaka kuona wenzetu walivyofanya kazi hiyo.

Ardhi yenyewe ina historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta matrekta hapa na Kongwa na Nachingwea, wang'oe miti walime karanga. Mpango ulianza 1947, na kufikia 1951 ulikuwa umeachwa. Mashamba yaliyosafishwa Urambo yakageukia tumbaku, kwa kuwa udongo wa kichanga usio na rutuba nyingi unaifaa: jani likipata naitrojeni nyingi huwa nene, la kijani, na halikubali kugeuka manjano.

Katika uwanja wa chama kimoja cha msingi, ushirika wa wakulima wa hapo, nilikuta robota, furushi la majani ya tumbaku, limewekwa kando, limekataliwa sokoni. Nje lilikuwa safi, gunia la juti limeshonwa vizuri. Mzee aliyekuwa ameketi karibu, aliyefanya kazi ghalani tangu miaka ya 1970, tumbaku ilipokuwa chini ya mamlaka ya serikali, aliniona nikilikodolea macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tia mkono."

Niliingiza mkono kwenye sehemu iliyochanwa na mteuzi, yule anayepanga tumbaku madaraja sokoni. Katikati palikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Majani niliyoyatoa yalikuwa yameshikamana, yamepoteza manjano yake, na kando ya uti, ule mshipa mnene wa katikati ya jani, kulikuwa na unga mweupe. Ukungu.

Tulikaa hapo hadi jua linazama, na karibu yote aliyonieleza yalihusu maji.

Jani likitoka bani, yaani banda la kukaushia, huwa limekauka kiasi cha kuvunjika kama biskuti. Huwezi kulipanga daraja wala kulifunga. Lazima lilainike kwanza: milango ya bani huachwa wazi usiku jani linywe unyevu wa hewa, na wakati wa kiangazi, hewa inapokuwa kavu, sakafu hulowanishwa. Hapa ndipo makosa huingia. Mkulima mwenye haraka hunyunyizia jani lenyewe maji. Uso wa jani hulainika upesi, uti nao hunywa maji na kuyaficha. Ukifunga hivyo, maji ya uti huhamia kwenye jani polepole, robota hupata joto kutoka ndani, na ukungu huota mahali asipopaona mtu.

Kipimo chao hakikuwa chombo. Mzee alichukua jani zuri kutoka robota jingine, akalikunja kwenye kiganja, akafungua vidole. Likajinyoosha taratibu bila kupasuka. Kisha akaushika uti kwenye mwisho wake mnene na kuupinda: ukakatika, ta! Ndivyo inavyotakiwa, jani lipindike na uti uvunjike. Uti nao ukipinda bila kuvunjika, rudisha, usifunge. Alinipa lile la ukungu nijaribu. Uti ulijikunja kama kamba.

Makosa mengine huanza kabla, ndani ya bani lenyewe. Siku za mwanzo moto huwa mdogo, nyuzijoto kama 32 hadi 38, matundu ya hewa yamefungwa, jani ligeuke manjano lingali hai. Ndipo hupandishwa hatua kwa hatua hadi 50 na kitu jani likauke, kisha karibu 70 kuukausha uti. Siku tano hadi saba, usiku na mchana, mtu analisha kuni tanurini. Akipandisha moto mapema, kijani hugandia kwenye jani na hakitoki tena. Akichelewa kutoa unyevu, manjano hugeuka kahawia. Na fito iliyotundikiwa majani ikiteleza, jani kavu likaangukia bomba la bati lenye moto, bani zima huwaka na msimu wa familia huishia hapo.

Kisha tulifika kwenye kazi ya ghala. Marundo ya majani yalipangwa vikonyo vikitazama nje ili upepo uvipitie, na kila rundo lilipimwa kwa mkono uliozamishwa ndani. Likipata joto hupinduliwa: la katikati linakwenda nje, la nje linakwenda katikati. Kutoa uti kwa mkono kulifanywa na wanawake wengi. Jani hukunjwa, uti hushikwa sehemu nene, huvutwa mara moja bila kurarua nyama ya jani. Kiwandani jani hukaushwa tena kupita kiasi kinachotakiwa, hupozwa, kisha hurudishiwa unyevu kidogo kwa kipimo, ili kila jani lishike maji sawasawa. Hapo ndipo hushindiliwa kwenye maboksi ya kilo 200 na kuweza kukaa ghalani miaka likizidi kuiva. Lakini ghala likipuuzwa, yule mdudu mdogo wa kahawia wa tumbaku hutoboa boksi baada ya boksi.

Vumbi lilikuwa jambo aliloliongea kwa sauti ya chini. Waliochambua walifunga khanga puani, basi, hakuna kingine. Shambani nako wavunaji wa alfajiri walilowa umande wa majani, nikotini ikapita kwenye ngozi. Kizunguzungu, kutapika, mtoto anaambiwa ana malaria. Songea pia tuliambiwa malaria. Nimekumbuka shangazi zangu wakirudi shambani na viganja vyeusi vyenye gundi, wakiosha kwa mchanga kabla ya kugusa unga, na sikuwahi kumsikia mtu akihesabu kazi hiyo kwenye bei ya kilo.

Mwenye robota alikuja jioni, kijana. Mzee hakumgombeza. Alimwambia alifungue lote usiku huo huo, aanike majani moja moja juu ya fito, yaliyoota ukungu ayatupe mbali na mengine, na asilifunge tena mpaka uti ulie. Kijana akauliza atapata magunia mengine wapi, maana lile limeshalowa na juti ni ya mkopo. Tukaanza kuukata uzi wa kushonea, watu watatu, kutoka kona ya chini.