MX-5 iliyotumika: hitilafu ndogo za wiki za mwanzo na zinakotoka

Ukinunua Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai, ya kizazi cha kwanza (NA, 1989 hadi 1997) au cha pili (NB, 1998 hadi 2005), karibu kila mara utaipokea na vijambo vyake: injini inapanda na kushuka ikiwa imesimama, zulia lina unyevu, taa moja imegoma kuinuka, hendibreki inavutwa mpaka inakaribia kiwiko. Usikimbilie kununua vipuri. Gari la aina hii mara nyingi limekaa kuliko lilivyotembea, na kukaa ndiko kunakolimaliza: betri inashuka, mipira inakauka, grisi inageuka gundi. Juu ya hapo kuna mikono ya waliokutangulia, wale waliofunga king'ora na redio kwa waya wa kuokoteza na selotepu.

Anza na umeme, maana umeme hafifu unaiga magonjwa mengine yote. Betri iko kwenye buti. Ikiwa imepumzika saa kadhaa isome kwa multimeta (kipimaumeme): volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Washa injini, usome tena. Kati ya 13.8 na 14.5 alteneta inafanya kazi. Tazama pia kama betri ina mirija ya kutolea hewa nje ya gari. Betri ya asili ilikuwa aina iliyofungwa yenye mirija hiyo, na mtu akiweka betri ya kawaida ya maji bila mirija, mvuke wa asidi unakula bati la buti kimyakimya. Inua zulia la buti uangalie kutu kabla hujaendelea.

Betri ikiisha kila baada ya siku tatu nne, pima umeme unaovuja. Toa funguo, fungua kebo ya hasi, weka multimeta kwenye amperi 10 na uiunganishe kati ya kebo hiyo na nguzo ya betri. Funga milango, subiri dakika 20 hadi 30, kisha soma. Chini ya miliamperi 50 ni sawa. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo inayokuonyesha njia. Usijaribu kupiga stata multimeta ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Mara nyingi mkosaji ni redio au king'ora cha kufungwa baadaye.

Kisha ethi, yaani nyaya zinazounganisha upande wa hasi na bodi na injini. Fungua nyaya za ethi kwenye bodi na kwenye injini, sugua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi kidogo juu yake. Kipimo chake ni rahisi: weka multimeta kati ya nguzo ya hasi ya betri na bloku ya injini, mwenzako apige stata. Namba ikikaribia nusu volti, ethi haifai, hata kama kwa macho waya unaonekana mzima.

Sasa injini isiyotulia. Ikiwa ya moto, bila kukanyaga mafuta, injini za NA zinatakiwa kuzunguka kama mara 850 kwa dakika. Ikipanda na kushuka kama inayohema, angalia maji ya rejeta kwanza. Watu wengi hawaamini, lakini valvu inayoongeza hewa injini ikiwa baridi hupashwa joto na maji hayo hayo. Yakipungua au yakiwa na hewa ndani, valvu inadhani injini bado ni baridi. Jaza gari likiwa limepoa, acha mfuniko wazi, washa na heta ikiwa kwenye joto la mwisho, subiri mapovu yaishe.

Maji yakiwa sawa, tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Bomba kubwa la mpira linalotoka kwenye kipimahewa kwenda injini hupasuka kwenye mikunjo yake, upande wa chini usiouona. Likunje kwa mkono ukiwa na tochi. Kwenye NA yenye injini ya lita 1.6 ufa huo una madhara ya ziada. Kipimahewa chake ni cha mlango unaofunguliwa na hewa, na ndani yake kuna swichi ya pampu ya mafuta. Hewa ikipita pembeni, mlango haufunguki vya kutosha, pampu inakatika, gari linazima. Ukiona 1.6 inayowaka na kuzima papo hapo, tazama bomba hilo kabla ya kuilaumu pampu. Dipstiki isiyokaa vizuri na mfuniko wa oili uliolegea nao huingiza hewa.

Baada ya hayo ndipo unaposafisha koo la hewa (lenye kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta) na, ikibidi, kurekebisha mzunguko. Kwenye kisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS ndani ya boneti, unganisha matundu yenye alama TEN na GND kwa kipande cha waya, kisha zungusha skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko cha mpira juu ya koo la hewa hadi ufike 850. Ile skrubu nyingine inayozuia kipepeo cha koo kisifunge kabisa iache. Imewekwa kiwandani, na ukiigusa utatafuta tatizo jipya kwa mwezi mzima.

Muungano huo huo wa TEN na GND, swichi ikiwa ON na injini haijawashwa, unaifanya taa ya injini imwage misimbo kwa kumetameta: mmeto mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mrefu mmoja na mifupi miwili ni 12. NA za soko la Marekani kuanzia 1996 zina soketi ya OBD-II (ya kuchomekea kisomaji cha misimbo), hivyo huko utatumia kisomaji cha kawaida.

Gari likinguruma vizuri limesimama lakini linashtuka-shtuka ukikanyaga mafuta kupanda mlima, shuku nyaya za plagi. Kwenye gari hili zinachoka mapema kuliko plagi zenyewe. Pima kila waya. Ukinzani wake usizidi kiloomu 16 kwa kila mita ya urefu. Au usiku, gizani, fungua boneti, washa injini, nyunyiza ukungu mwembamba wa maji kwenye nyaya: zilizochoka zitaonyesha cheche za buluu. Mikono iwe mbali. Plagi ziwe na mwanya wa milimita 1.0 hadi 1.1. Ukichomoa waya ukakuta mwisho wake umelowa oili, gasketi ya kifuniko cha juu ya injini imekufa. Boliti zake hazitaki nguvu, nyutonimita 5 hadi 9 tu, kwa hatua mbili tatu; ukikaza zaidi utakata uzi wa aluminiamu. Paka silikoni kidogo kwenye kona za mbele na nyuma, pale gasketi inapopanda kwenye nusu duara.

Oili inayoshuka nyuma ya injini, kwenye kengele ya gia boksi, huwatisha watu wakafikiri sili ya kranki (shafti kuu ya injini) imekwenda na gia boksi lazima lishuke. Panda juu kwanza. Kwenye NA, nyuma ya kichwa cha injini kuna sensa ya kamshafti yenye oringi moja. Ikishakuwa ngumu kama plastiki, oili inateremka ukutani na kujitokeza chini. Weka alama ya kalamu ya chuma kwenye sensa na kichwa kabla ya kuifungua, ili uirudishe palepale. Ukiisogeza umebadilisha taimingi, yaani wakati wa cheche, ambayo ni digrii 10 kabla ya pistoni kufika kilele, na itabidi uipime kwa taa ya taimingi, TEN na GND zikiwa zimeunganishwa.

Kelele ya tik-tik juu ya injini ya NA iliyokaa muda mrefu ni tapeti za oili zilizokauka. Badilisha oili na filta, endesha gari likapate moto vizuri, mara nyingi inaisha baada ya safari chache. Kuhusu oili pia: NA za mwanzo, hadi kama 1994, zina geji ya kweli ya presha, na sindano kushuka gari likiwa limesimama na moto ni kawaida. Za baadaye geji ni swichi tu yenye sura ya geji; sindano itasimama palepale hata presha ikiyumba.

Kitu kimoja hapa si kidogo. Baadhi ya 1.6 za mwanzo, hadi 1991, zina kranki yenye pua fupi. Utaitambua kwa puli ya mbele yenye nafasi nne. Puli ikiyumba injini ikizunguka, zima na usiendeshe.

Klachi inayozama au gia inayokwaruza ukiweka ya kwanza: tazama kopo la maji ya klachi. Yakiwa meusi, ni mpira wa ndani unaosagika. Ingia chini, vuta kifuniko cha mpira cha silinda ndogo iliyo ubavuni mwa gia boksi. Kukiwa na unyevu, ibadilishe. Imeshikwa na boliti mbili. Gusa pia nyuma ya pedali kwa vidole: kukiwa na ulowevu, masta (silinda ya juu, ya kwenye pedali) nayo imeondoka. Naona ni busara kubadilisha zote mbili pamoja, kwa sababu mpya ya chini huivunja ya juu iliyozeeka ndani ya muda mfupi.

Zulia lililolowa halimaanishi turubai limetoboka. Maji ya paa hukusanywa nyuma ya viti na kushuka kwa mashimo mawili, moja kila upande, yakitokea chini mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani yakiziba, maji yanamwagika ndani. Pitisha uzi mnene wa nailoni taratibu. Usitumie hewa ya kompresa, inaweza kulichomoa bomba kwa ndani. Mimina nusu lita, itoke chini haraka. Ikishatoka, inua zulia lote likauke, kwa kuwa baadhi ya matoleo kompyuta ya injini imefungwa chini upande wa abiria.

Taa za NA zinazoinuka: moja ikigoma, toa fyuzi yake kwanza ili mota isikukate vidole, kisha zungusha kirungu kilicho juu ya mota chini ya kifuniko cha mpira. Ikiinuka kwa ulaini, tatizo ni soketi au mota; ikikaza, ni viungo vikavu.

Hendibreki ndefu haikazwi kwenye kebo. Ondoa boliti ya mm 14 nyuma ya kalipa ya nyuma, ingiza ufunguo wa pembe sita wa mm 4, zungusha kwa mwendo wa saa hadi gurudumu lishike, rudisha theluthi moja ya mzunguko. Kama gurudumu bado halizunguki kirahisi, pini za kalipa zimeganda. Zitoe, zisafishe, uzipake grisi ya breki.

Usukani ukitetemeka karibu kilomita 100 kwa saa, gari hili jepesi linalalamikia mizani ndogo ambayo jingine lisingeihisi. Rimu zisizo za asili zinahitaji pete za katikati za mm 54.1. Upepo ni psi 26, na wanaojaza 35 kwa mazoea wanalifanya liruke-ruke. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 3416 ni wiki ya 34 ya 2016. Gari lililokaa huwa na kashata nzuri juu ya mpira uliokufa, na tairi ya miaka kumi hubadilishwa hata kama haijaisha.