Kitabu kinakawia kati ya meza na meza

Wageni wakichungulia chumba chetu cha nyuma, pale vitabu vipya vinapopokelewa kabla ya kwenda rafuni, ushauri wao huwa ni uleule: ongezeni kompyuta. Kompyuta zipo. Kitabu hakikawii kwenye kibodi. Kinakawia kikisubiri mtu wa meza inayofuata.

Maktaba yetu ni ya chuo, si kubwa, hapa Dodoma mjini. Utaratibu niliourithi ulikuwa wa mafungu: shehena yote igongwe mihuri, ikiisha iandikwe yote kwenye rejista, ndipo mkatalogi, yule anayeandika rekodi ya kila kitabu, aanze. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kilimngoja cha mwisho, na mwanafunzi wa uuguzi alivingoja vyote. Sasa tunapakia toroli moja, nalo linapita muhuri, rekodi, barkodi na lebo hadi rafuni kabla boksi jingine halijafunguliwa. Mama anayegonga mihuri alinuna mwanzoni, maana alizoea kumaliza kazi yake asubuhi na kupumzika. Simlaumu.

Tunatenganisha vitabu tangu mlangoni pia. Cha uhasibu kilichochapwa Uingereza hakihitaji mtaalamu: unaskani ISBN, yaani namba ya utambulisho ya kitabu, Koha (programu yetu ya maktaba) inatafuta kwa Z39.50, njia ya maktaba kupeana rekodi, kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, rekodi inashuka, unahakiki namba ya Dewey inayopanga vitabu kwa mada, basi. Kazi hiyo anaiweza kijana wa mafunzo kwa vitendo. Cha Kiswahili ndicho kinachokosa rekodi ya kunakili, au kinakuja na rekodi ya mistari mitatu. Hicho kinakwenda moja kwa moja kwa mkatalogi mzoefu, kwenye fomu iliyokwisha kujazwa nusu: msimbo wa lugha swa, wa nchi tz, na kama ni fasihi, 896.392, namba ya Dewey ya fasihi ya Kiswahili, iko tayari. Akili yake ibaki kwa mada na mwandishi.

Na kwa mwandishi ndiko kwenye kazi hasa, maana mwandishi wa ripoti ya wizara ni wizara yenyewe. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, ripoti za wizara zinatufikia kwa maboksi, na wizara zetu hubadilisha majina kila baraza linaposukwa upya. Elimu peke yake imekuwa Elimu na Utamaduni, ikawa Elimu na Mafunzo ya Ufundi, leo ni Elimu, Sayansi na Teknolojia. Vyombo vya taaluma navyo vimo: iliyokuwa TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, tangu 2009. Wakatalogi wawili wakiandika kila mmoja ajuavyo, msomaji anapata nusu ya ripoti na kuondoka akidhani ndizo zote. Tumeweka faili la majina ndani ya Koha: kila ripoti inabaki na jina lililoandikwa juu yake, na jina la zamani na jipya yanaelekezana. Kulijenga kulitula muda mrefu kuliko mabadiliko mengine yote, na kama ningeambiwa nibakize jambo moja tu, ningebakiza hilo. Zamani kila ripoti ilizua mjadala, na mjadala ukiisha hakuna aliyeandika tulichokubaliana.

Lebo ni habari fupi. Upepo wa Julai na Agosti unaleta vumbi jekundu hata madirisha yakifungwa, na lebo haishiki juu ya vumbi. Mgongo wa kitabu unafutwa kwa kitambaa kikavu kwanza.

Kilichobaki ni rejista ya mkono. Kila kitu kilichomo kipo Koha: namba ya mapokezi, bei, aliyeuza, tarehe. Hata hivyo tunakiandika tena kwa kalamu kwa sababu mkaguzi huomba daftari. Nimependekeza tuchapishe orodha kila mwezi, mkuu wa maktaba aisaini kila ukurasa, kisha ijalidiwe mwisho wa mwaka wa fedha. Mhasibu wetu anataka kibali cha maandishi kwanza. Barua nimeshaipeleka, na daftari tunaendelea kulijaza.