Kipige picha kigango kabla mwizi hajafika

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama wa pwani ya Kenya, Kalume Mwakiru, akiwa amesimama karibu na vigango viwili, yaani mbao za kuchongwa za kuwakumbuka marehemu, alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Baada ya muda si mrefu vigango vile viliibiwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa watafiti wa mambo ya Afrika huko Marekani, Udvardy akakiona kimoja kwenye slaidi: kilikuwa katika mkusanyo wa chuo kikuu huko Illinois. Cha pili kikaja kugundulika kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa, na cha Illinois kilikabidhiwa familia mwaka 2007, miaka zaidi ya ishirini tangu picha ile ipigwe. Mzee Kalume mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Sasa linganisha na hili. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver iliamua kuvirudisha Kenya vigango 30. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois ikarudisha vingine 37. Hatua hizo zilistahili pongezi, lakini vigango hivyo vilikabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, havikwenda moja kwa moja kwenye boma la mtu. Vilipouzwa, hakuna aliyeandika ni mababu wa nani, na hakukuwa na picha ya kuvilinganisha navyo. Viko nchini, lakini kufika kwa wenyewe ni kazi nyingine kabisa.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba ulinzi wa kigango huanza na kumbukumbu iliyowekwa kingali kimesimama. Kufuli, ua na mlinzi vina nafasi yake, lakini kitu kikishavuka bahari havisaidii chochote. Kinachosaidia ni ushahidi.

Kwa asiyekijua, kigango ni ubao wa mti mgumu, wakati mwingine mrefu kuliko mtu, uliochongwa kichwa na mwili, ukanakshiwa kwa safu za pembetatu ndogondogo zinazojazwa rangi nyeupe, nyekundu au nyeusi, na kufungwa vitambaa shingoni. Husimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Wasio wanachama huwekewa koma, ambazo ni fupi na hazina nakshi nyingi. Kigango kikishasimikwa hakihamishwi. Boma likihama, chenyewe kinabaki pale pale, na roho ya marehemu inaaminika kubaki nacho.

Hapo ndipo walanguzi walipopata mwanya. Mnunuzi wa nje anaambiwa kuwa kitu hiki kilikutwa kwenye boma lililotelekezwa, wenyewe walishakisahau. Maneno hayo yamesafirisha vigango vingi mno. Udvardy na mwenzake Linda Giles walipofuatilia, walihesabu karibu vigango 300 katika makumbusho 19 ya Marekani peke yake, achilia mbali vilivyo majumbani mwa watu binafsi. Kwa desturi ya Wamijikenda (ndio Wagiriama na jamaa zao wa pwani), kuhama si kutelekeza. Kaburi la babu yako halimilikiwi na mpita njia kwa sababu tu unaishi kilomita kumi kutoka hapo.

Mnyororo wenyewe ni mfupi. Kijana wa karibu, mara nyingi anayelijua boma, anaking'oa na kulipwa fedha kidogo. Dalali anakipeleka kwenye duka la vinyago mjini. Huko kinafungwa pamoja na vinyago vipya vya watalii na kuandikwa kwenye karatasi kuwa ni kazi ya mikono. Kikifika ng'ambo kinasimamishwa kwenye kitako cha chuma na kuuzwa kama sanaa, halafu mnunuzi anaweza kukitoa zawadi kwa makumbusho na kupata nafuu ya kodi. Katika safari yote hiyo, jina la marehemu ndilo la kwanza kupotea.

Basi tufanye nini boma likiwa bado na vigango vyake?

Anza na ruhusa. Zungumza na mwenye boma na wazee wa mbari kabla ya kutoa simu mfukoni; wengine watataka sadaka itolewe kwanza, na hiyo ni haki yao. Picha iliyopigwa kwa kuvizia haitakuwa na shahidi wa kuitetea baadaye.

Nenda asubuhi jua likiwa bado chini, au alasiri kuelekea magharibi. Mwanga unaotoka ubavuni ndio unaotupa vivuli ndani ya nakshi, ukaona kina cha kila pembetatu. Taa ya simu huzifuta nakshi kabisa. Piga kigango kizima mbele, nyuma na pande zote mbili, kamera ikiwa usawa wa katikati ya ubao. Ukipiga ukiwa umeielekeza simu chini, kichwa kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo na vipimo vyote vitapotoka. Kisha sogea: kichwa, shingo, kila safu ya nakshi, na mahali ubao unapoingia ardhini. Weka rula au futi ya fundi kando yake, usiiegemeze juu ya kigango. Mwisho rudi nyuma upige picha moja pana inayoonyesha mti, nyumba au kilima kinachotambulika, na mtu wa familia akiwa amesimama hapo. Picha hiyo pana ndiyo inayomfunga marehemu na mahali pake, na ndiyo watu wengi huisahau.

Usiking'oe ili upime. Pima urefu kutoka ardhini hadi utosini, kipenyo cha kichwa, upana wa mabega, upana wa katikati na unene wa ubao. Hesabu safu za pembetatu na idadi ya pembetatu katika kila safu. Halafu tafuta kasoro, maana kasoro ndizo zinazotambulisha. Mchongaji hodari anaweza kuiga nakshi, lakini hawezi kuiga ufa ulioanzia kwenye fundo la mti, ukapinda kushoto na kuishia katikati ya safu ya tatu. Kila ufa, kila tundu la mdudu, kila pembetatu iliyomeguka, ipigie picha ya karibu.

Vipengele vya kuandika vimeshakubaliwa kimataifa tangu 1997, katika mfumo uitwao Object ID: aina ya kitu, malighafi na namna kilivyotengenezwa, vipimo, alama na maandishi, kasoro zinazokitambulisha, kinaonyesha nini, umri, mtengenezaji, pamoja na maelezo mafupi na picha. Karatasi moja inatosha. Kwa kigango ongeza jina la marehemu, mbari yake, nani alikisimika na nani alikichonga. Kama mwaka haujulikani, taja tukio: kabla au baada ya njaa fulani, au mwaka mtoto fulani alipozaliwa. Wazee wawili waweke sahihi au dole gumba, na chifu au naibu wake agonge muhuri na tarehe. Tarehe ndiyo inayothibitisha kuwa kumbukumbu ilitangulia wizi.

Nakala ziwe angalau tatu: moja kwa familia, moja kwa ofisi ya makumbusho iliyo karibu (kwa pwani ya Kenya, Fort Jesus, Mombasa, ni mahali pazuri pa kuanzia), na moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Simu hupotea, na nyumba za makuti huungua.

Kuna jambo moja la hatari hapa. Simu nyingi huhifadhi mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe. Kwa nakala ya makumbusho, hilo ni jema. Ukituma faili hilo hilo kama dokumenti kwenye kundi la WhatsApp, umemkabidhi kila mwanakikundi ramani ya kumfikisha mlangoni. Usiweke kigango kwenye mitandao pamoja na jina la kijiji. Na usikubali mgeni akipakaze namba kwa rangi; alama hiyo inakiumiza kigango, inawaudhi wenyewe, na mwizi anaikwangua kwa dakika mbili.

Nije kwenye vya bandia, kwa sababu soko la vigango limezaa kiwanda chake. Vya kughushi vina madhara mawili: vinamlaghai mnunuzi, na pia vinampa mlanguzi kisingizio, kwani akikamatwa na cha kweli anadai ni nakala ya watalii. Afisa wa forodha anapaswa kujua pa kutazama.

Tazama chini kwanza. Ubao uliosimama ardhini miaka mingi huoza zaidi pale udongo unapokutana na hewa, kwa sababu hapo kuna unyevu na hewa kwa pamoja. Juu ya mstari huo mbao huwa ya kijivu kwa jua; chini yake huwa nyeusi na yenye udongo ulioingia ndani ya nyuzi. Aliyezika kigango kipya shimoni miezi kadhaa ili akizeeshe hupata udongo wa aina moja toka kichwani hadi miguuni. Aliyetumia brashi ya waya hupata mifereji yenye kina sawa kila mahali, ilhali mvua na jua huila zaidi sehemu zinazotazama juu: utosi, mabega, kingo za nakshi. Matundu ya wadudu wa kweli hupinda na kukatiza nakshi bila mpango. Yaliyotobolewa kwa keekee ni manyoofu na yana kipenyo kimoja. Rangi nyeupe ya zamani hubaki vilindini mwa pembetatu na kutoweka kwenye kingo. Ukiona nyeupe imekaa juu ya uchafu, ujue uchafu ulitangulia. Shingoni, vitambaa vilipofungwa, mbao huwa na ukanda wa rangi tofauti kwa kukingwa na jua. Ishara moja haitoshi kuhukumu. Zikikubaliana tatu au nne, una sababu ya kukizuia na kumwita mtaalamu.

Kigango kikiibiwa, usilifukie shimo. Lipige picha pamoja na nyayo na alama za magurudumu, uliza nani alionekana, kisha nenda polisi siku hiyo hiyo uchukue namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Kosa linalojirudia liko hapa: afisa anaandika "ubao umeibwa", na kesi inakuwa ya kuni. Sisitiza liandikwe jina kigango, kwamba ni kumbukumbu ya marehemu, na kwamba kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Ambatisha ile karatasi na picha. Peleka nakala makumbusho uwaombe waandikie DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwa kuwa ofisi ya nchi ya INTERPOL, shirika la polisi wa kimataifa, iko huko. Kanzidata ya INTERPOL ya kazi za sanaa zilizoibwa haipokei taarifa kutoka kwa mtu binafsi, na kitu kisichotambulika kikamilifu hakiingizwi. Kuitafuta ni jambo jingine: tangu 2021 yeyote anaweza kufanya hivyo bure kwa programu ya simu iitwayo ID-Art.

Familia nyingi hunyamaza kwa aibu au kwa kumhofia kijana wao wenyewe aliyehusika. Ninaelewa, lakini bila taarifa ya polisi makumbusho ya ng'ambo itasema hakuna ushahidi wa wizi, na mara nyingi jibu hilo limetosha kuifunga hoja.

Milango ya nakshi ya Lamu, Mombasa na Zanzibar nayo ina tatizo lake. Sheria ya Kenya inaulinda mlango uliochongwa kabla ya 1946. Ya Tanzania Bara, ya mwaka 1964, inataja kabla ya 1940. Mlanguzi haubebi mlango mzima. Anaufungua, mfaa (mti wa katikati) unakwenda huku, kizingiti cha juu kule, mbao zinageuzwa meza. Kwa hiyo picha ya mlango mzima haitoshi. Kila kipande kipigwe peke yake, na alama ndogo iwekwe ndani ya ungio, mahali pasipoonekana mlango ukiwa umefungwa.

Na wale mababu waliorudi bila majina? Kazi haijaisha, na wanaoweza kuisaidia ni familia zenyewe. Katika nyumba za Kilifi, Kaloleni na Malindi huenda kuna picha za zamani za arusi na matanga ambamo kigango kinaonekana nyuma ya watu, bila mpigaji kukikusudia. Zitafute. Zipige upya zikiwa zimelazwa bapa, bila kioo, kwa azimio la juu kabisa. Kwa kuwa picha ya namna hiyo haina rula, linganisha uwiano: gawanya upana wa kichwa kwa urefu wa kutoka shingoni hadi mwisho wa nakshi. Usitumie urefu wa kigango kizima, kwa maana sehemu moja ilikuwa ardhini, na kitako huenda kilikatwa wakati wa wizi au kilipowekwa kwenye chuma. Uwiano ukikaribiana, geukia nyufa. Ukiona ufa mmoja unaolingana kwa mwanzo, mpindo na mwisho, beba picha hiyo pamoja na mzee anayekumbuka jina la marehemu, mwende makumbusho mkaombe kukiona.